Siku 12 za Bese: hadithi ya Mwindo ilikuwa kazi ya wengi

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, teritware ya Walikale, mtu mmoja aliyeitwa Candi Rureke aliimba, akacheza na kusimulia kwa muda wa siku 12. Pembeni yake vijana walikuwa wakipiga kipande cha mti. Wakaaji wa kijiji walikuwa wakiitikia nyimbo. Na watu watatu walikuwa wakiandika kila neno lililotoka kinywani mwake.

Siku ya mwisho Rureke alikuwa amechoka kabisa. Lakini hadithi ya Mwindo, ambayo Wanyanga walizoea kuisikia vipande vipande wakati wa jioni, ilikuwa sasa kwenye karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Leo hadithi hiyo inasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya, na imewekwa pamoja na masimulizi makubwa ya ulimwengu. Walikale kwenyewe, watoto wengi wanalijua jina la Mwindo tu, na wengine hata jina hawalijui.

Watu wakiitaja kazi hiyo, mara nyingi wanataja jina la mtu mmoja: wengine Rureke, wengine mzungu aliyeandika kitabu. Ukweli ni kwamba Mwindo haikuwa kazi ya mtu mmoja, si kabla ya mwaka 1956, si katika siku zile 12, wala baadaye. Jambo hilo lina uzito kwa familia za Walikale na Masisi ambazo leo ziko mbali na makwao. Kazi ya mtu mmoja inaweza kupotea naye. Kazi ya wengi inapotea kwa njia nyingine, na inaweza kurudi kwa njia nyingine pia.

Karisi: msimulizi, wapigaji na waitikiaji

Kwa Wanyanga, masimulizi marefu ya namna hii yanaitwa karisi. Jina hilo ni pia jina la roho ambayo, kwa imani ya wazee, ndiyo inayomchagua mtu na kutaka ajifunze masimulizi. Ndiyo sababu msimulizi anaitwa She-karisi. Wazee waliamini pia kwamba anayeifanya kazi hiyo vizuri anapata ulinzi juu ya magonjwa na kifo. Kwa hiyo haikuwa mchezo wa kupitisha wakati tu, hata kama watu walicheka sana wakati wa kuisikiliza.

Karisi ilikuwa na mahali pake na saa yake. Shefu, mkubwa wa kijiji au watu wa ukoo walimwita msimulizi. Jioni ikifika, wanaume, wanawake na watoto walikusanyika. Msimulizi alisimama katikati akiwa na kibuyu cha kutikisa mkononi na njuga miguuni. Hakukaa kwenye kiti na kusimulia kama mwalimu. Aliimba, alicheza, aliigiza. Mwindo akitambaa, naye alitambaa. Mwindo akikasirika, sura yake ilibadilika.

Karibu naye walikuwa vijana watatu hivi. Mbele yao palikuwa na kipande cha mti kilicholazwa juu ya vijiti vidogo ili kisiguse udongo, kitoe sauti vizuri. Kila mmoja alikipiga kwa fimbo mbili. Vijana hao mara nyingi walikuwa ndugu wa msimulizi, shemeji zake au marafiki zake wa damu, na wengine wao walikuwa wanajifunza. Kwa kupiga mti jioni hadi jioni, waliingiza masimulizi kichwani bila daftari. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya karisi: mtu alianza kwa mikono, kisha akaingia kwa sauti ya kuitikia, na miaka ikipita, mwenye kipaji alisimama katikati.

Wengine wote walikuwa na kazi yao. Msimulizi alipopumua kidogo, waitikiaji walirudia maneno yake. Nyimbo zilipofika, watu wote waliimba kiitikio. Waliosikiliza walitoa zawadi ndogo, wakapiga kelele za kumtia nguvu. Msimulizi naye aliwajibu. Ndani ya hadithi ya Mwindo aliingiza habari zake mwenyewe: uchovu wake, waliomfundisha, watu waliokaa mbele yake. Kwa sababu hiyo, hapakuwa na jioni mbili zilizofanana. Watu wa Bese wangeisikia hadithi moja, na kijiji kingine wangeisikia hiyohiyo ikiwa na mwili tofauti.

Hii ndiyo namna ya kutunga ambayo leo watu wa sanaa wanaitafuta kwa semina na miradi: kazi isiyo na mwenye peke yake, inayojaribiwa kila mara mbele ya watu, na inayobadilika kulingana na waliopo. Kivu inaijua namna hiyo kwa vitu vingine pia. Chukudu, baiskeli ya mbao inayoshusha makaa, viazi na mbao kutoka milimani, haina jina la mtu mmoja aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye kuibuni. Kila fundi ameongeza kitu: mpira kwenye gurudumu, mahali pa kuweka goti, breki. Goma imeijengea sanamu. Karisi nayo ni ya aina hiyo, isipokuwa kwamba karisi inatengenezwa kwa sauti.

Jaribio la mwaka 1956

Mtu aliyeomba masimulizi yaandikwe alikuwa Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekuwa akichunguza maisha na desturi za watu wa mashariki ya Kongo tangu mwaka 1949. Alifanya kazi na taasisi ya utafiti ya wakoloni iliyojulikana kwa kifupi kama IRSAC, yenye makao yake Lwiro, upande wa Kivu Kusini. Lakini hakuandika peke yake. Stephano Tubi na Amato Buuni waliketi naye na kuandika. Bila masikio ya watu wanaoijua lugha ya Kinyanga vizuri, maneno yanayoimbwa haraka, katikati ya sauti ya fimbo na njuga, hayashikiki.

Jambo moja linasahauliwa mara nyingi. Rureke mwenyewe alisema, tena alirudia kusema, kwamba hajawahi kusimulia hadithi yote kwa siku zinazofuatana. Desturi haikuwa hivyo. Msimulizi alichagua vipande: leo kuzaliwa kwa Mwindo, siku nyingine safari yake chini ya ardhi, siku nyingine vita vya Tubondo. Watu walijua vipande vingine, na kila mmoja aliunganisha kichwani mwake.

Kwa hiyo siku 12 za Bese zilikuwa jaribio. Rureke alilazimika kufanya kitu ambacho waliomfundisha hawakuombwa kukifanya: kupanga vipande vyote kwenye mstari mmoja, kuamua kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na kuvishona mahali vilipoachana. Masimulizi marefu yaliyo kitabuni leo, yenye mwanzo, katikati na mwisho, yalipatikana kwa njia hiyo. Yalitokana na mapokeo ya zamani, lakini umbo lake lilitengenezwa mwaka 1956 na msimulizi, wapigaji wake, waitikiaji wake na waandishi watatu.

Katika kazi hiyo kulikuwa na faida na hasara. Faida inaonekana: maneno yamebaki. Hasara ni kwamba karatasi haishiki mwendo wa miguu, uso unaobadilika, wala kicheko cha mtoto aliyekaa mbele. Kiitikio kilichoimbwa na watu 50 kinaonekana kitabuni kama mstari mmoja. Anayesoma peke yake katika chumba anaweza kudhani kwamba ni sauti ya mtu mmoja.

Mwindo mwenyewe hakushinda peke yake

Ukiichunguza hadithi, unaona kwamba nayo inafundisha jambo hilohilo. Shemwindo, shefu wa kijiji cha Tubondo, alikuwa na wake saba. Alitoa amri kwamba wote wazae wasichana tu, na kwamba mtoto wa kiume akizaliwa auawe. Mke aliyependwa zaidi alimzaa Mwindo, mtoto aliyetembea na kusema siku ileile aliyozaliwa, akiwa na usinga mkononi. Baba alimrushia mkuki, akamzika, na mwisho akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto alifukuzwa kwao kabla ya kuwa na kosa lolote.

Mwindo ana nguvu nyingi na anajisifu sana. Lakini kila anapofika mahali pagumu, kuna mwingine anayemsaidia. Shangazi yake Iyangura anampokea. Buibui anamjengea daraja juu ya mashimo yaliyochimbwa ili aanguke. Wajomba zake, ambao ni popo na mafundi wa chuma, wanamfua upya na kumvalisha chuma mwilini. Nkuba, mwenye radi, anashuka na kumpigania Tubondo. Kahindo, binti wa mwenye nchi ya chini ya ardhi, anamwonya juu ya hila za baba yake. Hakuna hata ushindi mmoja ambao Mwindo anaupata bila mwingine.

Alipoamua kushuka chini ya ardhi kumfuata baba yake aliyetoroka, Mwindo alishika upande mmoja wa kamba na kumwachia shangazi yake upande wa pili. Kamba ikitikisika, shangazi ajue kwamba mtoto yuko hai. Kamba ikitulia, ajue kwamba amekufa. Iyangura alibaki juu, mkono kwenye kamba, akingoja.

Mwisho wa safari hiyo si kisasi. Mwindo hakumuua baba yake. Alimrudisha kijijini. Waliokufa Tubondo walifufuliwa. Kisha baba, shangazi na mtoto waliketi mbele ya watu wote, na Shemwindo alikiri hadharani mabaya aliyoyafanya. Iyangura naye alisema, bila kumwogopa kaka yake. Utawala uligawanywa kati ya baba na mtoto. Baadaye Mwindo mwenyewe alipata adhabu. Baada ya kuliua lile joka lililoitwa Kirimu, Nkuba alimchukua juu angani, akamtesa kwa baridi, jua na mvua mpaka kiburi chake kikaisha. Aliporudi, aliwapa watu wake sheria: walime vyakula vya aina nyingi, wakae vizuri vijijini, wasigombane, wasimcheke mgonjwa.

Wazee waliosikiliza karisi walijua kwamba hiki kilikuwa kipimo cha shefu: nguvu bila kiasi inaharibu kijiji. Hadithi haikusifu vita. Ilionyesha jinsi familia iliyovunjika inavyoweza kukaa tena mbele ya watu na kusema yaliyotokea.

Kutoka Bese hadi kitabuni

Baada ya mwaka 1956 kazi iliendelea mbali na Bese. Karatasi za Kinyanga zilihitaji mtu wa kuzitafsiri na kuzieleza. Hapo ndipo alipoingia Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha aliyekuwa Mnyanga. Yeye na Biebuyck walifanya kazi pamoja, na mwaka 1969 kitabu kilitoka katika matbaa ya Chuo Kikuu cha California, kikiwa na maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1970 wawili hao walitoa huko Bruxelles mkusanyo wa fasihi simulizi ya Wanyanga. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi ya Mwindo kutoka kwa wasimulizi wengine, na hapo ilionekana wazi kwamba kila msimulizi alikuwa na Mwindo wake.

Mateene baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Afrika wa wakati ule, OUA, mjini Kampala. Aliandika pia juu ya sarufi ya Kihunde, lugha ya majirani wa Masisi. Mtu aliyezaliwa kati ya Wanyanga alisaidia hivyo kuweka kwenye karatasi lugha za pande zote mbili, ya Walikale na ya Masisi.

Ni haki kusema kwamba kitabu kiliwataja waliofanya kazi. Jina la Rureke limo, la Tubi limo, na la Buuni limo. Katika wakati wa ukoloni, vitu vingi vilichukuliwa vijijini na kupelekwa makumbusho ya Ulaya bila jina la mtu aliyevitengeneza. Lakini kutajwa ni jambo moja, na kukipata kitabu ni jambo lingine. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, kikauzwa nje ya nchi. Mkaaji wa Walikale anayetaka kusoma maneno ya babu zake lazima ayatafute mbali, tena katika lugha ambayo wengi hawakufundishwa shuleni.

Swali la Lusanga

Walikale si mahali pekee penye swali hili. Huko Lusanga, jimbo la Kwilu, magharibi ya nchi, wafanyakazi wa mashamba ya michikichi waliunda kikundi cha sanaa mwaka 2014, kinachojulikana kwa kifupi kama CATPC. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa kwao. Sanamu hizo zinanakiliwa kwa kompyuta na kutengenezwa upya kwa chokoleti, kisha zinaonyeshwa na kuuzwa nje. Ni kazi ya wengi, tena ni jaribio: kakao ambayo wakulima wa Kiafrika wanaiuza kwa bei ndogo inarudi sokoni ikiwa sanaa. Pesa walizopata wamezitumia kununua ardhi na kuipanda upya kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 2024 walishiriki maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, katika nyumba ya Uholanzi.

Mwaka huohuo sanamu moja ya mbao ilirudi Lusanga kwa muda. Ilichongwa kuhusu Maximilien Balot, afisa wa kikoloni aliyeuawa wakati Wapende waliposimama juu ya wakoloni mwaka 1931. Sanamu hiyo iko mikononi mwa makumbusho ya Virginia, Marekani, na ilikubaliwa kuja kwa mkopo tu. Watu wa Lusanga waliiona kwao, lakini kama wageni wanaoazimwa kitu cha baba yao.

Karisi ina nafasi tofauti. Sanamu ikichukuliwa, mahali pake panabaki wazi. Maneno yakiandikwa, kinywa hakibaki kitupu. Kitabu cha mwaka 1969 hakikuwanyang'anya Wanyanga hadithi yao. Aliyeijua jana yake aliendelea kuijua kesho yake. Kilichokuja kuivunja karisi hakikuwa kitabu.

Kilichowatawanya waitikiaji

Mwezi Machi 1993 mapigano yalianza sokoni Ntoto, teritware ya Walikale, yakaenea hadi Masisi. Watu wengi waliuawa na wengi zaidi wakakimbia. Tangu hapo vita vimekuja kimoja juu ya kingine, na majina ya makundi yenye silaha yamebadilika mara nyingi. Mkaaji wa Masisi aliyezaliwa mwaka 1993 ana zaidi ya miaka 30 leo, na huenda amekimbia mara tatu, nne au zaidi.

Mwezi Januari 2025 Masisi-Centre iliingia mikononi mwa M23, kisha Goma. Mwezi Februari kambi nyingi za wakimbizi wa ndani pembeni mwa Goma, zikiwemo zile zilizopokea watu wa Masisi, zilifungwa kwa siku chache. Mwezi Machi M23 waliingia Walikale-Centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila mara, waliokuwa wamekaa pamoja walitawanyika: wengine msituni, wengine upande wa Kisangani, wengine kwa ndugu mijini, wengine ng'ambo ya mipaka.

Kwa karisi, hii ndiyo hatari yenyewe. Tuseme mzee mmoja anayejua nusu ya hadithi yuko kwa mtoto wake mjini. Kijana aliyempigia mti yuko kwenye machimbo. Mama aliyejua viitikio vyote yuko katika kambi nyingine. Hakuna aliyekufa kati yao, lakini karisi imenyamaza. Msimulizi bila waitikiaji anasema dakika kumi na kuchoka, kwa sababu masimulizi yalipangwa ili wengine wampe pumzi. Barza ambapo watu walikaa jioni imechomwa, au imegeuka mahali pa kuweka silaha. Na jioni yenyewe imebadilika: mahali penye hofu, watu wanafunga mlango kabla ya giza.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mtu akiishi miaka mingi kwa kupanga foleni ya unga na kuandikwa kwenye orodha, watu wanaanza kumwona kama mpokeaji tu. Wanasahau kwamba ametoka katika jamii iliyokuwa na watunzi. Hata watoto wake wanaweza kudhani kwamba wazazi wao hawakuja na kitu.

Goma na majaribio mapya

Pamoja na hayo, kutunga pamoja hakukufa katika Kivu. Mtengeneza sinema Petna Ndaliko Katondolo alianzisha Yole!Africa mjini Kampala mwaka 2000, kisha kazi ikahamia Goma. Pale vijana wamejifunza kutengeneza filamu, kucheza na kupiga muziki kwa vikundi, wakisimulia maisha ya Goma kwa macho yao wenyewe, tofauti na picha za vita tu zinazopelekwa nje. Mwezi Februari 2014 tamasha la Amani lilifanyika kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa Collège Mwanga, baada ya kuahirishwa mwaka 2013 kwa sababu ya mapigano. Wanamuziki, wachezaji na vikundi vya ngoma kutoka nchi za jirani walipanda jukwaa moja.

Kazi hizo zimefanyika mjini, na wengi wa watu wa vijiji vya Walikale na Masisi walizisikia redioni tu. Lakini zinaonyesha kwamba kazi ya pamoja inaweza kusimama hata baada ya kuvunjwa. Sehemu za Goma zilifunikwa na moto wa Nyiragongo mwaka 2002, na moto ulifika tena pembeni mwake mwaka 2021. Kila mara vikundi vilianza upya, kwa sababu kikundi hakikai ndani ya nyumba. Kinakaa katika watu wanaokubali kukutana.

Kazi inayoweza kuanza leo

Historia ya Bese inaonyesha kwamba karisi haikuhitaji jengo, umeme wala pesa nyingi. Ilihitaji msimulizi mmoja, kipande cha mti, vijana wawili au watatu wa kukipiga, na watu wanaokubali kuitikia. Vitu hivyo vinapatikana hata katika uwanja wa shule ambamo familia zimelala.

Simu ambayo vijana wengi wanaibeba mfukoni inaweza kufanya kitu ambacho Tubi na Buuni hawakuweza: kushika sauti, kicheko na mwendo wa miguu. Lakini mfano wao unabaki na maana. Waliandika wakiwa na msimulizi, siku kwa siku, na majina yao pamoja na lake yamehifadhiwa. Anayerekodi mzee leo anapaswa kumwomba ruhusa kwanza, kusema jina lake na kijiji chake, kutaja waliopiga na walioitikia, na kuiachia familia nakala yake. Bila hayo, rekodi itakuwa kama vitu vile vya makumbusho visivyo na jina.

Haifai pia kungoja mzee anayeijua yote. Hata Rureke hakuwa amewahi kuisimulia yote mpaka mwaka 1956. Mmoja atajua kuzaliwa kwa Mwindo, mwingine wimbo wa Iyangura, mwingine kiitikio tu. Vipande ndivyo vilivyokuwa desturi, na kuviunganisha ndiyo kazi iliyofanywa Bese. Wahunde, Watembo, Wakano na wengine wanaokaa pamoja katika kuhama nao wana masimulizi yao. Jioni moja inaweza kusikiliza zaidi ya hadithi moja, na anayeitikia wimbo wa jirani yake tayari amejifunza maneno machache ya lugha yake.

Faida yake si ya watafiti kwanza. Mtoto aliyezaliwa kambini, anayesikia kila siku kwamba yeye ni mkimbizi, atasikia jioni moja kwamba babu zake walikuwa na shujaa aliyefukuzwa na baba yake, akatupwa mtoni ndani ya ngoma, na akarudi bila kumuua. Atasikia kwamba shujaa huyo alirudi kwa sababu kulikuwa na shangazi aliyekaa kimya siku zote hizo, ameshika kamba, bila kuiachia.

Familia nyingi za Walikale na Masisi zinaijua kazi hiyo ya Iyangura. Ndiyo ile ya mama anayepiga simu kila Jumapili kujua nani amefika wapi. Kwa karisi pia, kinachotakiwa ni watu wa kushika upande wao.